Gharama ya Umbali: Historia ya Ruzuku ya Pembejeo katika Nyanda za Juu Kusini

Katika lugha ya kilimo ya Tanzania, pembejeo ni vitu vyote ambavyo mkulima huviingiza shambani ili avune zaidi ya kile ambacho ardhi ingempa yenyewe, yaani mbegu bora, mbolea, viuatilifu na zana, na ruzuku ni ile sehemu ya bei ya vitu hivyo ambayo Serikali hulipa ili mkulima amalizie iliyobaki. Neno ruzuku lina shina moja na riziki, na katika mazungumzo ya kila siku ya Waswahili Mwenye kuruzuku ni Mungu. Ndiyo maana lilipoingia katika vitabu vya bajeti halikuingia kama istilahi kavu ya uchumi, kwa kuwa mkulima anayesubiri ruzuku mwezi wa Novemba, mawingu yakiwa yamekwisha kujikusanya, hasubiri punguzo la bei tu bali anasubiri chakula cha nyumba yake cha mwaka mzima unaofuata.

Wachumi wengi walioichunguza ruzuku hiyo wameieleza kama mvutano wa dola na soko, na kwamba kila upande ulipata zamu yake ya kushinda. Ikitazamwa kutoka Songea, Sumbawanga au Njombe, historia hiyo huonekana kwa namna nyingine. Kutoka Dar es Salaam hadi Songea ni zaidi ya kilomita 900, na hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,100. Mfuko wa mbolea ulioshushwa bandarini lazima uvuke umbali huo kwenda, na gunia la mahindi lazima liuvuke kurudi, na katika kila awamu ya ruzuku, tangu miaka ya 1970 hadi leo, swali lililokuwa chini ya maswali mengine yote ni nani atakayelipia safari hizo mbili.

Chini ya utawala wa Waingereza swali hilo halikuulizwa kabisa, kwa sababu sehemu kubwa ya nyanda za kusini haikutarajiwa kuuza mazao. Pembejeo za wakati huo zilifuata mazao ya biashara: mbegu za pamba ziligawiwa wakulima wa Usukuma kupitia vinu vya kuchambulia pamba, na huko Kilimanjaro wakulima wa kahawa walianzisha chama chao mwaka 1925, wakishughulikia pamoja na mambo mengine dawa za kunyunyizia mibuni. Wabena, Wangoni, Wafipa na majirani zao walichukuliwa kama akiba ya nguvukazi. Vijana wao waliandikishwa kama manamba, yaani vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, jina lililotokana na namba aliyopewa kila mmoja, na wengine walivuka mpaka kwenda kwenye migodi ya kusini mwa Afrika. Umbali uliozuia mahindi kwenda pwani haukuwazuia watu. Jambo hili linafaa kukumbukwa na kila anayepima ruzuku ya miaka iliyofuata kwa hesabu ya fedha peke yake, kwa kuwa kilichobadilika baadaye katika nyanda hizo hakikuwa wingi wa magunia tu, kilikuwa pia uwezekano wa kijana kubaki kwao na kuishi kwa jembe lake.

Mabadiliko yalianza kwa njaa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kutamka kwamba kilimo ni msingi wa maendeleo, na mwaka 1972 mkutano wa chama tawala, TANU, uliofanyika Iringa ulitoa tamko la Siasa ni Kilimo, lililowataka viongozi wajifunze na kusimamia kilimo cha kisasa. Lakini ukame wa mwaka 1973 hadi 1975, ukiambatana na misukosuko ya kuhamishia watu vijijini, uliilazimisha nchi kuagiza nafaka nyingi kutoka ng'ambo wakati uleule ambao bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda na akiba ya fedha za kigeni ilikuwa inakauka. Ndipo ikatangazwa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, na nyuma ya kampeni hiyo ukaanzishwa Mradi wa Taifa wa Mahindi, uliosaidiwa na Benki ya Dunia, ambao ulikusudia kupeleka katika vijiji mbegu bora na mbolea kwa bei iliyopunguzwa sana. Kampuni ya Mbegu Tanzania, iliyojulikana kwa jina la TANSEED, iliundwa mwaka 1973 ili kuzalisha na kusambaza mbegu zilizotokana na kazi ya vituo vya utafiti kama Ilonga, Ukiriguru na Uyole. Benki ya Maendeleo Vijijini, iliyoanzishwa mwaka 1971, ilitoa pembejeo kwa mkopo, na Shirika la Usagishaji la Taifa, yaani NMC, ndilo lililokuwa mnunuzi pekee halali wa mahindi.

Uamuzi uliogeuza ramani ya kilimo cha Tanzania, hata hivyo, ulikuwa ule wa bei moja nchi nzima. Kuanzia msimu wa 1973/74 NMC ililipa bei ileile kwa kilo ya mahindi popote ilipoinunua, iwe jirani na Dar es Salaam au Namtumbo, na mbolea nayo ikauzwa kwa bei moja popote ilipofikishwa. Maana yake ni kwamba Serikali ilijitwika gharama yote ya umbali, kwenda na kurudi, na mkulima wa Ruvuma akawekwa katika hesabu moja na mkulima wa Morogoro. Wachumi waliulaumu uamuzi huo kwa hoja nzito: ulimfanya mkulima wa karibu na soko apate bei ndogo kuliko aliyostahili, na uliipa NMC mzigo wa usafirishaji ambao hakuna shirika lingeweza kuubeba kwa muda mrefu. Hoja hizo ni za kweli. Lakini ni kweli pia kwamba udongo na mvua za nyanda za kusini zilikuwa bora kwa mahindi kuliko za sehemu nyingi zilizo karibu na pwani, na kwamba utajiri huo ulikuwa umelala kwa miaka yote kwa sababu ya barabara, si kwa sababu ya uvivu wa mtu. Reli ya Uhuru, yaani TAZARA, ilipokamilika katikati ya miaka ya 1970, na barabara ya lami ya Makambako hadi Songea ilipofuata katika miaka ya 1980, mikoa ya Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma ilianza kuitwa mikoa mikubwa minne ya mahindi, na mikoa miwili ya mwisho katika orodha hiyo, iliyokuwa haijulikani katika biashara ya nafaka, ikawa miongoni mwa wauzaji wakuu wa NMC.

Mbolea iliyosafiri njia hiyo ilikuwa na historia yake yenyewe. Kampuni ya Mbolea Tanzania iliundwa mwaka 1968, na kiwanda chake, kilichojengwa Tanga kwa ubia na kampuni ya Klöckner ya Ujerumani Magharibi, kilianza kazi mwaka 1972 kikiwa na uwezo wa kutengeneza tani 105,000 kwa mwaka. Kiliwekwa pwani kwa sababu karibu malighafi yake yote, amonia, salfa, fosfeti na potashi, ilipangwa kuagizwa kwa meli, na hivyo kiwanda kilichokusudiwa kuipunguzia nchi utegemezi kikawa kinatumia fedha za kigeni kwa kila tani kiliyoitoa. Kilitengeneza kwa wingi mbolea ya amonia salfeti, ile ambayo wakulima waliijua kwa kifupi cha SA, na hapo palijificha kasoro nyingine iliyochukua miaka kuonekana: SA ikitumiwa mfululizo huongeza tindikali ya udongo, na udongo mwingi wa nyanda za kusini, unaooshwa na mvua nyingi, ulikuwa na tindikali tayari. Wazee wa vijijini waliosema kwamba mbolea ya chumvichumvi inachosha ardhi mara nyingi walihesabiwa kuwa watu wanaokataa maendeleo, ingawa walichokuwa wakikieleza, kwa maneno yao, kilikuwa jambo ambalo maabara ya udongo ingelithibitisha.

Fosfeti ya nchini ilikuwapo. Huko Minjingu, mashariki mwa Ziwa Manyara, kuna mwamba wa fosfeti ulioanza kuchimbwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Ufini, na lengo la awali lilikuwa kukilisha kiwanda cha Tanga badala ya mwamba ulioagizwa kutoka nje. Viwanda hivi viwili vilifungamana kama ng'ombe na nira, kiasi kwamba cha Tanga kilipofungwa mwaka 1991, kikiwa kimechakaa na kushindwa kulipia malighafi, mgodi wa Minjingu ulipoteza mteja wake mkuu, ukabaki ukitafuta njia ya kuwauzia wakulima mwamba uliosagwa moja kwa moja. Unga huo ulipeperushwa na upepo kabla haujaingia kwenye shimo, ulifanya kazi polepole, na mkulima aliyezoea kuona rangi ya mahindi ikibadilika ndani ya wiki mbili hakuona kitu. Hata baadaye, ulipofanywa chembechembe na kuongezewa naitrojeni kwa jina la Minjingu Mazao, sifa mbaya ya mwanzo iliendelea kuufuata, licha ya kwamba fosfeti ya aina hiyo hufaa hasa katika udongo wenye tindikali.

Udhaifu wa mfumo wa miaka ya 1970 haukuwa katika nia. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na kazi zake zikagawanywa kwa mashirika ya umma na serikali za vijiji, na kwa tendo hilo moja mnyororo ulioijua njia ya kila kijiji, uliokuwa na maghala, makarani na malori, ukakatika kabla ya mwingine kuundwa. Vyama hivyo viliporudishwa kwa sheria ya mwaka 1982 vilirudi bila mtaji na bila imani ya wanachama. Mbolea iliyoagizwa Julai ilifika Februari. Mikopo ya pembejeo ilikatwa kutoka katika malipo ya mahindi, lakini NMC yenyewe ilichelewa kulipa, na mkulima aliyehitaji fedha za karo au matibabu aliuza mahindi yake kwa magendo usiku, akilikwepa deni pamoja na shirika. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya mbolea iliyotumika nchini ilikuwa msaada wa nchi wahisani, zikiwamo Norway na Japani, kila moja ikituma aina iliyokuwa nayo, kwa wakati wake, na mpango wa Wizara ya Kilimo ukawa unafuata ratiba za meli za wengine.

Uchumi ulipoyumba, ruzuku ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuwekwa mezani. Bajeti ya mwaka 1984 iliondoa ruzuku ya unga wa sembe waliokuwa wakila watu wa mijini, na mwaka 1986 Serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa juu ya mpango wa kufufua uchumi ulioshusha thamani ya shilingi na kufungua zaidi biashara ya nafaka kwa watu binafsi. Ruzuku ya mbolea ilidumu kidogo zaidi, kisha ikashushwa kwa ngazi: kutoka asilimia 70 katika msimu wa 1990/91 hadi 55, halafu 40, halafu 25, na katika msimu wa 1994/95 ikafutwa. Mwaka huohuo wa 1994 uliundwa kwa sheria Mfuko wa Pembejeo, uliokusudiwa kuwakopesha wafanyabiashara wa pembejeo na wakulima. Ulisaidia baadhi, hasa kwa matrekta, lakini haukuwa na ukubwa wa kuziba pengo.

Katika mikoa minne ya kusini athari ilikuja kwa pande mbili kwa pamoja, na huo ndio ukatili wake. Bei moja nchi nzima ilikuwa imeondoka, kwa hiyo mnunuzi binafsi aliyefika Songea alikata nauli ya lori lake katika bei ya gunia, na mara nyingi alitaka gunia la lumbesa, lile linaloshindiliwa na kuongezewa kilemba juu hadi lizidi kipimo. Na mfanyabiashara wa mbolea, ambaye naye alilipia lori, aliongeza nauli hiyohiyo katika bei ya mfuko. Umbali uliolipiwa na Serikali kwa takriban miaka 15 ukarudishwa mabegani mwa mkulima, mara mbili, katika msimu mmoja. Matumizi ya mbolea yalishuka sana. Baadhi ya kaya ziliegemea zaidi maarifa ambayo hazikuwahi kuyaacha: Wamatengo wa Mbinga waliendelea na ngolo, vishimo vilivyopangwa kama sega la nyuki kwenye miteremko ili kuoza nyasi ndani ya udongo na kuzuia mmomonyoko, na Wafipa waliendelea na matuta ya mviringo yanayofukia majani. Mafanikio ya kilimo cha aina hiyo yamesifiwa mno katika vitabu vya hifadhi ya udongo, na yanastahili. Lakini ngolo hudai siku nyingi za kazi ya mikono, na kazi hiyo kwa kiasi kikubwa iliwaangukia wanawake, jambo ambalo sifa hizo hulitaja kwa nadra.

Serikali iliporudi katika suala hilo, ilirudi moja kwa moja kwenye umbali. Kuanzia msimu wa 2003/04 ilitoa ruzuku ya usafirishaji, yaani iliwalipa wafanyabiashara gharama ya kupeleka mbolea mikoani, hasa nyanda za kusini, kwa sharti kwamba wataiuza kwa bei iliyokubaliwa. Hakuna awamu iliyotaja kiini cha tatizo kwa uwazi kama hiyo, na hakuna iliyokuwa rahisi kuchezewa kuliko hiyo, kwa kuwa aliyelipwa alikuwa mwenye lori na aliyekusudiwa alikuwa mwenye shamba, na kati yao hapakuwa na karatasi yoyote iliyoonyesha kama nafuu ilivuka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Mbolea yenye ruzuku ilipita Tunduma na Kasumulu, ikauzwa ng'ambo ya mpaka.

Mwaka 2006 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja, Nigeria, wakaazimia kuongeza matumizi ya mbolea kutoka wastani wa kilo 8 za virutubisho kwa hekta hadi kilo 50 ifikapo mwaka 2015, na jirani ya Tanzania, Malawi, ilikuwa imekwisha kuanza katika msimu wa 2005/06, chini ya Rais Bingu wa Mutharika, kuwagawia wakulima kuponi za mbolea na mbegu licha ya mashaka ya wahisani. Mavuno mazuri yaliyofuata Malawi yalisikika haraka katika Kyela na Ileje, wilaya zinazopakana nayo. Bei za chakula na mbolea ziliporuka duniani mwaka 2008, Tanzania ilianzisha mpango wa vocha za pembejeo, na mwaka 2009 Benki ya Dunia, ambayo miaka isiyozidi 20 kabla ilikuwa imesisitiza ruzuku iondolewe, ilitoa mkopo wa dola milioni 160 kwa ajili hiyo. Mabadiliko hayo ya msimamo yalikuwa makubwa, na tofauti iliyotolewa kuyaeleza ilikuwa ni neno vocha: safari hii ruzuku haikuwekwa katika bei wala katika lori, iliwekwa mkononi mwa mtu mwenye jina.

Utaratibu ulikuwa huu. Mkutano wa kijiji ulichagua kamati ya vocha, wanaume watatu na wanawake watatu, nayo ikapendekeza majina ya kaya zilizolima mahindi au mpunga kwa eneo lisilozidi hekta moja, zilizokuwa tayari kulipa sehemu yao, kipaumbele kikiwa kwa kaya zinazoongozwa na wanawake na kwa waliokuwa hawajatumia pembejeo kwa miaka ya karibuni. Kila mnufaika alipata vocha tatu kwa ajili ya ekari moja: ya mbegu, ya mbolea ya kupandia, ambayo ni DAP au Minjingu, na ya mbolea ya kukuzia, yaani urea. Vocha ilifidia karibu nusu ya bei. Mkulima aliipeleka kwa wakala wa pembejeo, mwenye duka aliyepewa mafunzo na kusajiliwa, akaongeza fedha yake taslimu, akatia saini au dole gumba, akabeba mfuko. Wakala naye alizikusanya vocha, akazipitisha kwa afisa wa kijiji na wa wilaya, kisha akalipwa katika tawi la benki ya NMB. Kila kaya ilipaswa kunufaika kwa misimu mitatu, halafu ihitimu, yaani ijitegemee kwa faida iliyoipata. Kutoka kaya takriban 730,000 katika msimu wa 2008/09, idadi ilipanda hadi kufikia kama milioni mbili katika msimu wa 2010/11.

Hesabu ya ekari moja inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo iliyofanya vocha ieleweke shambani. Mahindi yakipandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 60 kati ya mashimo, punje mbili kila shimo, ekari huwa na mashimo yapatayo 9,000, na mfuko wa kilo 50 ukigawanywa katika mashimo hayo hutoa gramu tano na nusu hivi kwa kila moja. Mabwana shamba hawakubeba mizani. Walifundisha kipimo cha kisoda, kile kifuniko cha bati cha chupa ya soda: kisoda kimoja cha mbolea kwenye shimo, udongo kidogo juu yake ili chumvi isiunguze mbegu, kisha punje mbili, kisha udongo tena. Familia hupanda kwa mstari, mmoja akitangulia na jembe na kamba, wa pili akifuata na kisoda na kopo, wa tatu akidondosha mbegu na kufukia kwa mguu, na kisoda kinachosawazishwa kwa kidole badala ya kujazwa kilemba ndicho kinachoamua kama mfuko utamaliza ekari au utaishia katikati ya shamba. Kitaalamu, mpango uliogharimu mabilioni ya shilingi na mkopo wa kimataifa ulikamilika katika kidole hicho.

Kasoro zake zilijulikana mapema. Utafiti uliofanywa katika mkoa wa Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban asilimia 60 ya vocha ziliangukia katika kaya za viongozi wa vijiji waliochaguliwa, na katika mikoa mingi mkulima asiye na fedha ya kuongezea aliiuza vocha yake kwa wakala kwa bei ndogo, naye wakala akadai benki thamani yote bila mfuko hata mmoja kuhama dukani. Sharti la kuongeza fedha lilikuwa limewekwa ili anayepewa athamini anachopewa. Kwa vitendo liliwatoa nje wale masikini zaidi, ambao mwezi wa Novemba huwa wamemaliza akiba na wanafanya vibarua katika mashamba ya wengine. Hata hivyo si haki kuufunga mjadala hapo, kama wanavyofanya baadhi ya wakosoaji. Vocha ziliacha katika makao makuu ya kata maduka ya pembejeo ambayo hayakuwapo kabla yake, na kwa mara ya kwanza wanawake wengi wenye kaya walitia dole gumba kama wanunuzi wa mbolea kwa majina yao wenyewe.

Adui mkubwa kuliko wizi alikuwa kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, fedha hutoka baadaye, vocha zilichapishwa, zikasafirishwa, zikagawanywa mkoa, wilaya, kata na kijiji, ilhali mvua za kusini huanza Novemba na mbolea ya kupandia haina kazi tena mahindi yakishafika magotini. Msimu baada ya msimu zilikuwapo wilaya ambazo vocha zilifika wakati wa palizi. Baada ya msimu wa 2013/14 vocha za mpango huo zilikoma, ikajaribiwa mikopo kwa vikundi, kisha misimu ya mpitompito iliyoacha mawakala wengi wakidai fedha za mbolea waliyokwisha kuitoa. Uhakiki wa madai hayo uliendelea kwa miaka, ukibaini madai mengi ya uongo, na pamoja nayo ukawachelewesha mawakala waaminifu ambao baadhi yao walikuwa wameweka nyumba rehani benki.

Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, iliyotokana na Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009, ilijaribu mwaka 2017 njia isiyohitaji ruzuku kabisa: uagizaji wa pamoja, ambao uliunganisha mahitaji ya waagizaji katika shehena kubwa zilizoshindaniwa kwa zabuni, na ambao uliambatana na bei elekezi, yaani bei ya juu kabisa iliyopangwa kwa kila eneo kwa kujumlisha gharama ya kulifikia. Bei elekezi ilikuwa orodha ya umbali iliyoandikwa kwa shilingi, na Sumbawanga daima ilikuwa karibu na mwisho wa orodha. Kisha ikaja miaka ya 2021 na 2022, bei za dunia zikapanda kupita kiasi, mfuko wa DAP ukavuka shilingi 100,000, na wakulima wengi wa kusini wakapanda mahindi bila mbolea. Tarehe 8 Agosti 2022, katika sherehe za Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku mpya, na mfuko wa DAP au urea ukatangazwa kuuzwa kwa shilingi 70,000. Vocha ya karatasi haikurudi. Mahali pake palichukuliwa na namba: kila mkulima aliandikishwa katika daftari la kijiji, kisha katika mfumo wa kidijitali, akapewa namba ya siri ambayo wakala huiingiza katika simu kabla ya kumtolea mfuko. Mbolea iliyotumika nchini ilipanda kutoka tani 360,000 hivi katika msimu wa 2021/22 hadi tani 580,000 hivi katika msimu uliofuata. Wakati huohuo kampuni ya Itracom kutoka Burundi ilikuwa inajenga Dodoma kiwanda cha mbolea inayochanganya samadi na madini, takriban nusu karne baada ya kile cha Tanga, safari hii katikati ya nchi.

Mfumo wa namba umepunguza baadhi ya mianya ya karatasi, lakini ulianza na mawakala wachache, na katika msimu wa kwanza wakulima walipanga foleni tangu alfajiri katika vituo vilivyokuwa mbali na vijiji vyao, mtandao wa simu ukikatika na kurudi. Anayefanikiwa huufunga mfuko wake nyuma ya bodaboda na kuanza kuteremka kuelekea kijijini kwa njia ambayo mvua ya kwanza imekwisha kuichimba, na nauli ya safari hiyo, inayopanda kwa kila kilima na kila mto usio na daraja, haimo katika bei ya ruzuku.